Nilivyoachishwa Kidonge cha Moyo

Jumatano, siku ya kumi na moja ya Mfungo Tano, baada ya sala ya alasiri, nilifiwa na mke wangu. Pamoja naye nikapoteza kopo la vidonge vyangu vya moyo, ila hilo la kopo sikulijua mpaka siku ya hitima.

Mimi ni fundi wa makuti. Nimeezeka mabanda ya hoteli nyingi za Diani na nyumba nyingi za hapa kwetu Msambweni. Shule niliiacha darasa la saba. Miaka sita nyuma moyo ulianza kunienda mbio na presha ikapanda, nikaandikiwa kidonge kidogo cheupe chenye mstari katikati, kimoja kila asubuhi. Kukimeza nilikimeza mimi. Kazi nyengine yote ya kidonge kile ilikuwa ya mke wangu. Yeye ndiye aliyekwenda kuchukua vipya, yeye ndiye aliyejua kopo linakaa wapi, na kila asubuhi nilipoketi kunywa chai nilikikuta kiko juu ya mahamri, nikakila pamoja nayo. Ungeniuliza jina la dawa ningekwambia "cheupe."

Jumatano asubuhi kilikuwapo juu ya mahamri. Alhamisi tulizika. Hakuna aliyeniwekea kidonge, wala mimi sikukiulizia. Ningependa kusema kwamba huzuni ilinisahaulisha, lakini kweli ni kwamba kukikumbuka hakukuwa kazi yangu tangu mwanzo.

Jumamosi ikawa hitima. Wanaume tulikuwa mikekani nje, juzuu zimegawanywa, kila mtu anasoma yake. Nikiwa katikati ya ukurasa moyo wangu ukaanza kupiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Jasho likanitoka kivulini. Aliyekuwa kando yangu akaacha kusoma akanitazama. Nikainuka nijitenge kidogo, nikaanguka pale pale. Bahati sinia za pilau zilikuwa hazijaletwa.

"Mshikeni! Mshikeni!"

"Mpepeeni!"

Imamu wetu, mzee wa watu, akaweka mkono kifuani pangu, akausikia ule mpigo, akatikisa kichwa. "Subhanallah. Huyu amefiwa kweli kweli. Moyo wake wataka kumfuata."

Nyuma ya pazia wanawake nao walikuwa wameshapata habari. Niliwasikia vizuri, kwani nilianguka upande wao.

"Aanguka!"

"Kwa ajili ya mkewe?"

"Kwa ajili ya mkewe."

"Na wangu mimi, nilipolazwa siku nane, alikuja mara moja kuniuliza ufunguo wa kabati uko wapi."

Nililetewa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa marashi, nikanywa yote. Moyo haukupungua. Hapo dada yangu akatoka nyuma ya pazia. Ni mkubwa wangu, mjane wa siku nyingi, alivuka kutoka kisiwani, Mkwiro, kuja kunisaidia msiba, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita watu walio upande wa pili wa maji.

"Kombe amekunywa," akasema. "Sasa hospitali. Mungu ameumba vyote viwili."

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, msichana wa bara. Alinilaza kitandani, akanibandika nyaya kifuani, na mashine iliyokuwa kichwani pangu ikaanza kulia ti-ti-ti-ti bila kupumua.

"Mzee, kuna dawa unatumia?"

"Ipo."

"Inaitwa aje?"

"Cheupe. Kina mstari."

"Na mara ya mwisho kumeza ni lini?"

"Jumatano."

"Leo ni Jumamosi. Nani alikuambia uache?"

"Hakuna aliyeniambia. Aliyekuwa akinipa ndiye tuliyemzika."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana, mzee." Kisha akaiokota tena. Alinieleza kwamba dawa za namna ile, wao wanaziita beta bloka, kazi yao ni kuuzuia moyo usiende mbio. Moyo ukizuiliwa miaka, unazoea kuzuiliwa. Ukiuachilia ghafla unatoka kwa nguvu kuliko ulivyokuwa mwanzo, na mtu anaweza hata kupata shambulio la moyo akafa, si kwa kumeza dawa bali kwa kuiacha mara moja.

Dada alikuwa mlangoni akisikiliza. "Kwa hivyo," akasema, na ukumbi mzima ukamsikia, "si mapenzi?"

"Mapenzi hatupimi hapa, mama," daktari akamjibu. "Tunapima presha. Nileteeni hizo dawa nijue ni gani na ni nguvu ngapi."

Hapo ndipo kopo lilipotafutwa. Dada akashika shavu. Akaniambia kwamba ndani ya sanduku la marehemu, chini ya leso zake za kujifunga, kulikuwa na kopo la zamani la iliki. Yeye alidhani ni vikorokoro vya kike. Kwetu, nguo za maiti hupewa aliyemwosha. Ijumaa dada alifunga nguo zote bunda moja, kopo likiwa ndani, akampelekea mwosha.

Akapanda bodaboda kulifuata. Nilibaki na mashine yangu. Daktari alikuwa amenipa kitu cha kunituliza kidogo, na mlio ulikuwa umeanza kulegea, ti, ti, ti, nami nikafumba macho.

Nilipoyafumbua niliona leso ya mke wangu ikiingia mlangoni. Ile ya zambarau yenye michoro ya korosho nyeusi, aliyoivaa akienda sokoni Ukunda, imefungwa vile vile, na mtu ndani yake.

Mashine ikalia kama filimbi ya refa.

Daktari akaja mbio. Akatazama mashine, akanitazama mimi, akamtazama aliyevaa leso, ambaye alikuwa ni yule mwosha, dada nyuma yake. "Mama, umemfanya nini?"

"Mimi? Nimeingia tu!"

Mwosha alikuwa amelishika kopo mbali na mwili, na alipofika kitandani hakunipa. Alilitua sakafuni. Vya maiti, alisema, havirudishwi mkono kwa mkono nyumba vilikotoka, huleta nuksi. Bali mwenyewe akiviokota njiani, huyo kaokota. Daktari akainama alichukue, dada akamzuia: "La, mwanangu, aokote mwenyewe!" Nami, kwa kutaka mambo yaishe, nikaning'inia ukingoni mwa kitanda nikanyoosha mkono. Nyaya mbili zikabanduka. Mashine ikatoa mlio mmoja mrefu usiokatika.

"Inna lillahi," mwosha akasema, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni kwa jicho la kazi.

"Niko hai," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akajibu. Sikuona kama alifurahi sana.

Daktari akanibandika upya, akafungua kopo. Mlikuwa na pakiti za vidonge na kijitabu changu cha kliniki, kimekunjwa vizuri, tarehe zote zimeandikwa kwa mkono wa mke wangu. Akavihesabu vidonge. Akakuta kimoja ni nusu.

"Hiki kimekatwa na nani?"

Mwosha akatazama dirishani. "Nina kuku wangu, alikuwa akikohoa. Nikasema dawa ni dawa."

"Ukampa kuku?"

"Nusu tu."

"Na amekufa?"

"Yu hai, mwanangu. Ila hana haraka tena."

Daktari alitoka nje akakaa huko muda kidogo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa kucheka au kwa nini, akanipa kidonge kizima na kikombe cha maji. Kufika magharibi mashine ilikuwa inalia taratibu.

Nililala pale siku moja. Kesho yake daktari alikisoma kijitabu chote, akaniuliza kama kabla ya msiba nilikuwa nikipata kizunguzungu. Nikamwambia kweli: mara mbili mwaka huu nusura nianguke kutoka juu ya paa, na mke wangu alikuwa akinigombeza niende nikaangaliwe, nami nikimjibu ni jua. Akatikisa kichwa. Alisema moyo wangu umekuwa ukishushwa mno, kidonge kile hakinifai tena, kuna kingine cha presha kisichoulaza moyo. Kingine nitaanza kesho yake, cheupe kiachwe.

"Si nimeshakiacha?" nikasema. "Kiache hivi hivi."

"Mzee, wewe ni fundi wa paa. Ukiteremsha boriti kutoka juu unafanya aje?"

"Naifunga kamba."

"Na hiyo kamba unaiachilia?"

Niliwahi kuiachilia mara moja, ujanani, na boriti ilimkosa mtu kwa shibri. Tukakubaliana. Wiki mbili nusu kidonge, wiki mbili robo, ndipo mwisho. Siku zote hizo nisipande, nisibebe, nisikimbie, na kila wiki nije anipime. Moyo ukienda mbio au kifua kikibana nisingoje kesho, nije saa hiyo hiyo. Akaandika yote kwenye karatasi. Dada akaichukua akaikunja akaifunga kwenye pindo la leso yake, akatangaza kwamba harudi Mkwiro mpaka robo ya mwisho.

Nilikuwa sijafika nyumbani, habari imeshatangulia. Mwosha huingia kila nyumba yenye msiba, na kwa wiki ile misiba ilikuwa mitatu. Kila alipokwenda alieleza jinsi mume yule alivyoiona leso ya mkewe na mashine ya hospitali, chombo kisicho na roho wala kabila, ikapiga ukelele. Kuhusu vidonge hakusema, kwa sababu ya kuku.

Sifa ile niliipenda. Naandika haya kwa kuwa sina wa kumficha. Tuliishi miaka thelathini na moja na mke wangu, na sikumbuki kumwambia neno moja tamu lililozidi "chai nzuri." Sasa wanawake nisiowajua waliniletea viazi vya karai na kunitazama kwa huruma. Imamu akanitoa mfano katika mawaidha ya harusi, nami niko safu ya pili nimeinamisha kichwa, bwana harusi akinitazama kwa chuki.

Ijumaa ya pili nikashindwa kuvumilia. Baada ya sala, wazee wakiwa bado barazani pa msikiti, nikasema: "Jamani, nisikilizeni. Siku ile ya hitima haikuwa mapenzi. Nilikosa kidonge siku tatu."

Mmoja wao, muuza samaki, akaniuliza: "Na kwa nini ulikosa kidonge?"

"Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinipa."

"Mwaona?" akawaambia wenzake. "Bila yeye hawezi hata kumeza."

"Ni dawa, bwana! Hata kuku—"

"Mwacheni," imamu akasema. "Mtu mpole hukana sifa yake."

Jioni hiyo wakaja watu wawili kunitajia mjane wa Gazi, mwenye minazi yake, ambaye amesikia habari zangu na hachukii. Dada aliwapa chai, akawasindikiza mpaka njiani, na nilimsikia akiwaambia: "Huyu moyo wake uko kwenye nusu. Ngojeni angalau ufike robo."

Sasa kazi ya kukata. Kidonge chenye mstari hukatika nusu kwa vidole, lakini robo haina mstari. Dada akatoa mkasi wake wa popoo. Ni mtu wa kutafuna tambuu tangu ujana, popoo anaikata nyembamba kama ukucha, na udogo wa kidonge changu aliuchukua kama tusi. Robo za mwanzo alizikata sawa sawa, akizipanga kwenye kifuniko. Ya tano iliruka. Tuliitafuta chini ya kitanda, chini ya jamvi, ndani ya viatu vyangu, wazee wawili tumeinama tumegusana matako, mpaka tukaikuta ikibebwa na sisimizi wanne wameshafika kizingitini.

"Waache," dada akasema. "Nao wana roho."

"Dada, ile ni siku yangu moja."

Tukawanyang'anya.

Yeye kwa upande wake hakuona maana ya mwendo huu. "Kitu ukikiacha, kiache," alinambia kila asubuhi. "Mimi tumbaku niliiacha siku moja, basi."

"Tumbaku hukuiacha. Nakuona nyuma ya choo."

"Ile ni ya dawa ya meno."

Siku ya tatu ya robo akafanya kosa ambalo daktari hakuliandika kwenye karatasi yake. Kifuniko cha robo zangu alikiweka kwenye sinia yake ya tambuu, kando ya chokaa. Chokaa nyeupe, robo nyeupe, na macho ya dada si ya jana. Nikamwona amekunja jani la tambuu, ametia mdomoni, ametafuna, kisha ameacha kutafuna.

"Robo zilikuwa ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na moja."

Akahesabu kwa kidole. Kumi.

Alilala chali ukumbini akaweka mikono kifuani. Akaniusia shamba lake la Mkwiro, akaniusia mbuzi, akanikataza kumwita mwosha yule, atafutwe mwengine. Nikampigia daktari simu. Akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena akasema robo ile haitamfanya kitu, apumzike tu, nami niende kesho nikaongezewe moja ili hesabu isipungue. Nilimweleza dada. Aliendelea kufa mpaka adhana ya alasiri, akaamka akapika.

Lililonitia hofu lilitokea wiki hiyo hiyo, na la kucheka halina. Msimamizi wa hoteli moja ya Diani alinipigia: upepo umefunua banda la kulia chakula, wageni wanakuja Ijumaa, njoo. Nikamwambia siruhusiwi kupanda, nitakuja kuelekeza. Nilikwenda. Nikasimama chini nikawatazama vijana wanavyofunga makuti, na kila kifungo kilikuwa kibaya. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Mwisho nikashika ngazi. Nikapanda kipawa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Moyo ukaanza. Si kwa nguvu ya siku ile, lakini niliusikia masikioni, na dunia ikainama kidogo upande wa kushoto.

Nikasimama pale, nimeshika ngazi kwa mikono miwili. Niliogopa. Tangu Jumatano ile nilikuwa nimeshasema moyoni mara nyingi kwamba nikifa leo ni sawa, nitamkuta. Pale kwenye kipawa cha tatu nikajua nilikuwa najidanganya. Sikutaka kufa hata kidogo. Nikashuka mguu baada ya mguu, nikaketi mchangani, na nilipoweza kusimama nikamwambia msimamizi anitafutie gari la kwenda hospitali.

Daktari alinipima, akanibandika zile nyaya, akanigombeza kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Kisha akasema moyo umestahimili. Akanirudisha nusu kidonge kwa wiki moja zaidi, ndipo robo zianze upya. "Hakuna mtu anatukimbiza, mzee," akasema. Dada aliposikia kwamba muda umeongezwa alipiga simu Mkwiro wamlishe mbuzi.

Hivyo tukaendelea. Nusu wiki moja, robo wiki mbili, kila moja juu ya karatasi niliyopigia mstari kwa rula, nikimeza mwenyewe na kutia alama mwenyewe. Arobaini ya marehemu ikapita katikati. Nilisoma juzuu yangu mpaka mwisho bila kuanguka, na niliona wazi kwamba baadhi ya watu walivunjika moyo.

Baada ya robo ya mwisho nilikaa siku tano bila kidonge cheupe, nikaenda kupimwa. Daktari alinishika mkono, akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima. Akapima presha. Akaandika.

"Moyo uko sawa. Endelea na hii dawa ingine, usiache hata siku moja bila kuniuliza. Ngazi, ngoja wiki mbili, na uanze na paa fupi." Kisha akauliza kama anavyouliza kila mara: "Kuna kitu kingine unaskia?"

"Kipo."

"Nini? Kifua?"

"Mke wangu hayupo."

Nilidhani atasema pole. Alinishika mkono tena pale pale kwenye mshipa, akatazama saa, akahesabu dakika nyengine nzima. Aliandika ile hesabu ya pili chini ya ya kwanza, akafunga kijitabu, akanirudishia, akaita mgonjwa anayefuata.

Dada alikuwa amelala kwenye benchi la nje, mdomo wazi, mkoba wake wa safari kifuani. Nikamwamsha, kwa kuwa chombo cha kuvukia Mkwiro kilikuwa hakingoji.